Mfuko wa Paja Usiobeba: Suruali za Kago Zinaharibikia Wapi

Chukua suruali ya kago mpya, ya bei ya kawaida, kutoka kibanda chochote cha Kariakoo au Eastleigh. Ingiza mkono kwenye mfuko wa paja, kisha kunja ngumi. Kwenye suruali iliyoshonwa sawasawa ngumi inakaa ndani na mguu wa suruali unabaki ulivyo. Kwenye nyingi zinazouzwa sasa, ngumi inavuta kitambaa cha paja lote kuja upande mmoja, mshono wa ubavuni unapinda, na kona ya juu ya mfuko inakaza kabla hata hujaweka simu. Zipo pia ambazo mkono hauingii kabisa, maana kilichoshonwa pale ni kifuniko tu juu ya mguu mtupu.

Hilo si kasoro ndogo ya urembo. Suruali hii ilibuniwa kwa ajili ya mfuko wake. Ukiuondoa mfuko unaobeba, mtu anabaki na suruali pana yenye vipande vya ziada mapajani, vizito, vinavyochelewa kukauka na kumwongezea joto bila faida yoyote. Na mfuko huo haukuharibika kwa sababu kitambaa kimepanda bei. Umeharibika kwa sababu unakula muda wa kazi, na wenye viwanda wamegundua kwamba mnunuzi haangalii. Akianza kuangalia, atanunua kwa macho mengine, na fundi wa mtaani mwenye cherehani ya kukanyaga anaweza kumshonea mfuko unaoushinda ule wa kiwandani.

Tuanze na kitambaa, kwa kuwa ndicho kisingizio cha kwanza. Mfuko mmoja kamili wa paja, wenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 22, una vipande vinne: uso wa mfuko (sentimita 22 kwa 26 ukihesabu nafasi ya mshono na pindo la mdomo), utepe wa ubavu unaoupa mfuko unene (sentimita 6 kwa 70), na tabaka mbili za kifuniko (kila moja sentimita 23 kwa 9). Jumla ni kama sentimita za mraba 1,400. Mifuko miwili inafika 2,800, yaani kipande kisichozidi sentimita 19 cha kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Sehemu kubwa ya vipande hivyo huweza kukatwa kwenye mabaki yanayosalia kati ya miguu ya suruali. Suruali pana ya kiuno cha inchi 34 hula mita 1.5 hivi za kitambaa cha upana huo. Ukinunua mita 1.75 mifuko inatosha na chenji inabaki. Pale tu mguu unapokuwa mpana kiasi cha vipande vinne vya mbele na nyuma kutokaa sambamba ndipo hesabu inaruka hadi mita 2.25 au zaidi, na hapo anayekula kitambaa ni mguu, wala si mfuko.

Gharama iko kwenye dakika. Mfuko bapa ni kipande kimoja: kunja pindo la mdomo, piga pasi kingo, shona pande tatu, umemaliza. Mfuko wenye ubavu unadai kukunja mdomo, kuunganisha utepe pande tatu, kukata utepe kidogo kwenye kona, kupiga mshono wa ukingoni, kushona kwenye mguu, kutengeneza kifuniko, kukishona mara mbili, kuweka vifungo viwili na kukaza kona nne. Fundi mzoefu hatumii chini ya nusu saa kwa mfuko mmoja. Kiwandani, ambako kila operesheni inapimwa kwa sekunde, hapo ndipo panapokatwa kwanza. Huanza kuondoka utepe wa ubavu, mikunjo miwili ya katikati ikichukua nafasi yake. Baadaye mikunjo nayo huondoka. Mwisho huondoka mfuko wenyewe na kifuniko hubaki. Kwa mbali, kwenye picha ya mtandaoni, hatua zote hizo zinaonekana suruali ileile.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba matatizo ya mfuko huu yalishatatuliwa zamani, tena kwa gharama kubwa. Sare ya vita ya Waingereza iliyoanza kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa na mfuko mkubwa mmoja mbele ya paja la kushoto kwa ajili ya ramani, na mdogo upande wa kulia kwa bandeji. Askari aliyejifunga mkanda wenye vifuko vya risasi hawezi kufikia mifuko ya kawaida ya nyonga, kwa kuwa imefunikwa na mzigo. Paja ndilo lililobaki wazi. Mwaka 1942 askari wa miamvuli wa Marekani walipata sare iliyobuniwa na Kapteni William Yarborough, yenye mifuko mikubwa kwenye mapaja yote mawili. Askari wa mwamvuli huangukia mbali na ghala lake, hivyo chakula na risasi za siku za kwanza hubebwa mwilini.

Mifuko hiyo ilipasuka. Kabla ya kuruka Normandy mwezi Juni 1944, mafundi wa miamvuli walishonea vipande vya turubai kwenye mifuko, viwiko na magoti ya sare hizo, na wakaongeza kamba za kufunga mfuko kuzunguka paja ili mzigo usirukeruke. Ndani ya marekebisho hayo kuna mafunzo mawili ambayo hayajazeeka. La kwanza, mfuko wa paja hufia kwenye kona na kwenye kitambaa kinachouzunguka. La pili, mzigo usioshikwa ukikaa mguuni huchosha na kuumiza, kwa sababu paja linasogea kwa kila hatua na mzigo unachelewa kulifuata.

Vietnam ilileta funzo la tatu. Sare ya msituni iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na vifungo vilivyo wazi nje ya kifuniko, vikawa vinanasa kwenye majani na matawi. Toleo lililofuata likavificha chini ya kitambaa. Baadaye likarudiwa kosa jingine. Sare mpya ya jeshi la Marekani iliyoanza mwaka 2004 ilifunga mifuko ya paja kwa velkro. Velkro inajaa vumbi na nyuzinyuzi, inaacha kushika, na inapofunguliwa inapiga kelele inayosikika mbali. Mwaka 2010 jeshi likaamua kurudisha vifungo kwenye mifuko ya paja. Anayekuuzia leo suruali ya velkro kama jambo la kisasa anakuuzia kitu ambacho wenyewe waliokitumia vumbini walikiacha.

Kutoka jeshini suruali hii iliingia mitaani kupitia maduka ya sare za ziada, ikavaliwa na vijana wa hip-hop wa Marekani miaka ya 1990, ikafifia, na miaka ya 2020 ikarudi na miguu mipana. Safari hiyo ya mitindo inajulikana, hatuna haja ya kuirefusha.

Ubavu wa mfuko ndio sehemu inayostahili kuelezwa polepole. Mfuko bapa hauna nafasi yake wenyewe. Ukiweka kitu chenye unene wa sentimita 3, kitu hicho kinapata nafasi kwa kuusukuma uso wa mfuko nje na kitambaa cha mguu ndani, kuelekea kwenye paja. Paja halisogei, kwa hiyo mvutano wote unaishia kwenye mistari miwili ya mshono na hasa kwenye kona za juu. Mfuko wenye ubavu wa sentimita 4 unafunguka wenyewe: 20 kwa 22 kwa 4 ni karibu lita 1.75, na mshono haujaguswa na mvutano wowote hadi nafasi hiyo ijae. Mkunjo mmoja wa katikati ya uso ni suluhisho la kati. Unaongeza nafasi mdomoni na tumboni mwa mfuko, lakini chini umeshonwa bapa, kwa hiyo chupa au pochi nene haikai vizuri. Kwa mtu anayebeba simu, kitambaa cha mkononi na funguo, mkunjo wa katikati unatosha. Anayebeba daftari la vipimo, tochi au bisibisi anahitaji ubavu.

Na ubavu haulazimiki kuzunguka pande zote. Mifuko mingi ya kijeshi hushonwa bapa upande wa mbele, na ubavu huwekwa nyuma na chini tu. Mtu anapotembea, ukingo wa mbele ndio unaotangulia kukutana na kiti, mlango, tawi au msumari wa kitanda cha sokoni. Ukiwa bapa hauna cha kunasa. Hata mjini hili lina maana: ubavu wa mbele uliotoka nje ndio unaoshikwa na kiti cha daladala unapopenya kwenda nyuma.

Sasa mahali pa kuuweka. Hapa mafundi wengi wazuri hukosea, kwa kuwa wanapima kutoka chini, kwenye pindo la mguu. Pindo litabadilika mteja akitaka kufupisha, kiuno hakibadiliki. Pima kutoka mshono wa mkanda wa kiuno. Kwa mwanamume wa urefu wa kawaida, ukingo wa juu wa kifuniko ukae sentimita 25 hadi 28 chini ya mshono huo, na mwisho wa mfuko ubaki angalau sentimita 6 juu ya goti. Ikiwa mfuko wa kina cha sentimita 22 unagusa goti, punguza kina hadi 20 badala ya kulazimisha. Kipimo cha kuhakikisha ni rahisi: mteja asimame wima, mkono ukining'inia. Akilazimika kuinamisha kiuno ili kuchukua kitu kilicho chini ya mfuko, mfuko umeshushwa mno. Mfuko unaogonga goti huumiza, na simu iliyo ndani yake hupigwa kila hatua.

Katikati ya mfuko pasogezwe mbele ya mshono wa ubavuni kwa sentimita 2 hivi. Ukikaa sawasawa juu ya mshono, mzigo unatoka nje kabisa na kumgusa jirani kwenye kiti. Ukirudi nyuma, mtu anaukalia. Kumbuka pia kinachotokea mtu anapokaa. Paja linalala, na mdomo wa mfuko uliokuwa unatazama juu sasa unatazama nyonga. Simu ndefu huteleza taratibu hadi kwenye kiti. Baadhi ya simu zinazopotea kwenye bodaboda na matatu kutoka mifuko hii hazikuibwa. Mfuko ulikuwa wazi na abiria alikaa.

Kwa hiyo kifuniko ni sehemu ya kazi. Kiwe kipana kuliko mdomo kwa sentimita 1, yaani 21 kwa mdomo wa 20, na kishonwe sentimita 2 juu ya mdomo ili mkono upite. Kikiwa na upana sawa na mfuko, ubavu ukifunguka kona zinachungulia nje. Weka vifungo viwili, kila kimoja sentimita 3 kutoka mwisho wake. Kifungo kimoja cha katikati huziacha ncha zijikunje kama majani makavu, na simu hutokea hapohapo pembeni. Kujikunja huku kuna sababu nyingine ambayo fundi anaweza kuizuia mezani: tabaka la ndani la kifuniko likatwe dogo kwa milimita 2 kuliko la nje, ili likishonwa livute kingo kuelekea mwilini. Kitambaa cha kukakamaza kinachogandishwa kwa pasi kiwekwe kwenye tabaka la nje peke yake.

Kuhusu vifungo vya chuma vya kubana, ni vizuri na vya haraka, lakini visipigwe kwenye tabaka moja la kitambaa. Upande wa kifuniko una tabaka mbili, hakuna tatizo. Upande wa mfuko ndiko vinakong'oka na tundu. Kipande cha ziada cha kitambaa, sentimita 3 kwa 3, nyuma ya kila kifungo kinamaliza tatizo hilo.

Utaratibu wa kushona una siri moja tu kubwa: mshono wa nje wa mguu ushonwe kwanza, mfuko uwekwe mguu ukiwa bado umetandazwa bapa, kisha ndipo mshono wa ndani ufungwe. Mguu ukishakuwa bomba, cherehani ya kawaida haifiki bila kukunjakunja kitambaa, na hapo ndipo mifuko inapotoka imepinda. Mteja akileta suruali iliyokwisha kushonwa na kutaka iongezwe mifuko, fundi afumue mshono wa ndani kutoka karibu na msamba hadi gotini. Kufumua na kufunga tena kunachukua muda mfupi kuliko kupambana na bomba.

Kwa ubavu kamili, kunja pindo la mdomo wa uso kwanza, sentimita 3. Unganisha utepe na uso pande tatu ukiacha sentimita 1 ya mshono. Ukifika kona, kata utepe milimita 8 kuelekea mstari wa mshono bila kuufikia, ili uweze kugeuka. Asiyekata hapa hupata kona ya mviringo iliyojaa mikunjo. Geuza, piga pasi, kisha pitisha mshono wa ukingoni milimita 2 kutoka kwenye pembe. Watu huuruka mshono huu, nao ndio unaouzuia mfuko kulegea na kuwa kama tumbo baada ya kufuliwa mara tatu. Kunja ukingo wa pili wa utepe sentimita 1, uupige pasi, halafu ushone kwenye mguu kwa kufuata mstatili uleule wa 20 kwa 22 uliochora kwa chaki. Utepe utajikunja katikati na kujificha chini ya uso wakati mfuko ni mtupu. Chora miguu yote miwili kwa pamoja kabla ya kushona hata mmoja. Tofauti ya sentimita 1 kati ya kushoto na kulia inaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Baki sasa kona. Mpasuko wa mfuko wa paja una umbo lake, mfano wa herufi L: unaanza kwenye kona ya juu, unateremka kidogo kando ya mshono na kukata mlalo. Tazama kwa karibu na utaona uzi wa mshono mara nyingi ni mzima. Kilichochanika ni kitambaa cha mguu, pale sindano ilipokitoboa mara nyingi kwenye sehemu moja. Kukaza kona kwa mishono mingi bila kuweka kitu nyuma kunaharakisha mpasuko badala ya kuuzuia. Weka kwanza kiraka kidogo upande wa ndani wa mguu, sentimita 3 kwa 3, kisha kaza juu yake. Cherehani isiyo na zigizaga hufanya kazi hii kwa pembetatu ndogo ya sentimita 1, au kwa kwenda na kurudi mara nne kwenye mstari mmoja. Kiraka hicho ni kilekile cha turubai cha 1944, na hakigharimu zaidi ya mabaki yaliyo sakafuni.

Uzi wa shati, ule wa tiketi 120, hautoshi hapa. Tumia wa poliesta wa tiketi 75 au 80, sindano namba 16 kwa kitambaa kizito cha mistari ya mshazari na namba 14 kwa chepesi, na urefu wa mshono wa milimita 2.5 hadi 3. Mishono iliyobanana kuliko hapo inatoboa kitambaa kama stempu.

Kitambaa chenyewe kinategemea anayevaa yuko wapi. Pamba ya mistari ya mshazari, ile inayoshonewa kadeti (suruali za kawaida zisizo na mifuko ya paja), yenye gramu 240 hadi 280 kwa mita ya mraba, ndiyo inayobeba mfuko vizuri zaidi, na kwa Nairobi, Mbeya au Bukavu haina tatizo. Kwa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ni nzito, hasa mapajani ambako kuna tabaka mbili au tatu. Huko kitambaa cha vimraba, chenye nyuzi nene zilizofumwa kila baada ya milimita chache ili mchaniko usisambae, kikiwa cha pamba ya gramu 200 hadi 220, kinapumua na bado kinashika mfuko. Poliesta tupu nyepesi, ile inayong'aa kama mwamvuli, inapendeza ikitembea lakini haiwezi kubeba: uzito wa simu ya gramu 200 unavuta mguu mzima kushuka. Kitambaa kinachovutika nacho ni adui wa mfuko huu. Asilimia 2 au 3 ya nyuzi za kunyumbuka zinasaidia gotini, lakini mfuko uliojazwa kila siku hulegea na haurudi.

Kuhusu uzito, maoni yetu ni kwamba kila mfuko usizidi gramu 400. Mzigo uliofungwa mguuni huchosha kuliko mzigo uleule ukiwa kiunoni, na suruali pana haina nyonga ya kuishikilia, yote inaning'inia kwenye mkanda. Ndiyo maana vishikio vya mkanda viwe saba badala ya vitano, na viwili vyao vikae moja kwa moja juu ya mishono ya ubavuni, mstari mmoja na mifuko.

Mitumbani mambo ni tofauti kidogo, na kwa mwenye macho ni bora kuliko dukani. Suruali za kazi kutoka Ulaya zinazofika Gikomba, Owino au Ilala zilishonwa kwa ajili ya mafundi umeme na wajenzi, na mifuko yao ina ubavu, kiraka cha nyuma na mishono miwili. Bei yake kuwa juu ya kadeti kunaelezeka kwa hesabu ya robota. Robota la kilo 45 lenye suruali za gramu 600 linatoa suruali 75. La kadeti za gramu 450 linatoa 100. Muuzaji anarudisha mtaji uleule kwa vipande vichache.

Anayechagua ageuze suruali ndani nje kabla ya kuuliza bei. Atafute viraka nyuma ya kona za mfuko. Apitishe kidole chini ya mfuko, kwenye kona mbili za chini, ambako mchanga na chenji husaga kitambaa hadi kikawa wavu huku uso wa nje ukionekana mzima. Aangalie msamba dhidi ya mwanga. Kisha, na hili wengi hawalijui, aivae au aipime kwa mwili kabla ya kufurahia kwamba urefu unaweza kupunguzwa. Suruali iliyokatwa kwa mtu mrefu ina mfuko ulioshuka kulingana na mapaja yake. Fundi akipunguza inchi 4 chini, mguu unafupika lakini mfuko unabaki palepale, sasa ukigonga goti la mvaaji mfupi. Kuuhamisha kunaacha alama ya matundu na kitambaa ambacho hakijapauka. Heri kuiacha.

Rangi inahitaji tahadhari moja isiyo ya mitindo. Mabakamabaka ya kijeshi yakae mbali. Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda haziruhusu raia kuvaa sare za jeshi, na suruali inayofanana nazo inaweza kumtia mtu matatani hata kama aliinunua hadharani kwenye lundo la mitumba. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa raia waliokuwa na sare hizo au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Kaki, nyeusi, kijivu na kahawia zinatosha, na zinaficha vumbi.

Kufua ni kwa vifuniko kufungwa, ili velkro isichune nguo nyingine na vifungo visivutwe. Kuanika ni kinyume chake: ndani nje, mifuko wazi, utepe umevutwa nje. Ubavu na kona za chini ndizo zinazokauka mwisho, na kwenye unyevu wa pwani zikikunjwa mbichi zinaota ukungu mweusi ambao ni vigumu kuutoa kwenye pamba.

Wanawake ndio wanaodhulumiwa zaidi kwenye biashara hii, na tunalisema kwa uzito. Suruali za kago za kike ndizo zinazoongoza kwa vifuniko visivyo na mfuko, au vijimfuko vya upana wa sentimita 12 vilivyowekwa karibu na goti. Simu kubwa ya sasa ina urefu wa sentimita 16 hivi na upana wa karibu 8. Mfuko wa paja wa kike wenye upana wa sentimita 17 na kina cha 19, ukiwa na ubavu wa sentimita 3 upande wa nyuma na chini, unaibeba simu hiyo pamoja na pochi ndogo, bila kuharibu umbo la suruali. Kinachohitaji uangalifu ni nyonga. Kifuniko kikikaa juu ya sehemu pana zaidi ya nyonga, ambayo kwa wengi ni sentimita 20 hadi 22 chini ya kiuno, kinapanuka na kukaa wazi. Kianze chini yake, sentimita 26 hivi, pale mguu unapoanza kunyooka, na kinatulia.

Vipimo hivyo fundi hawezi kuvikisia kwa kuonyeshwa picha kwenye simu, kwa kuwa picha haionyeshi kilicho chini ya kifuniko. Mteja ampe fundi namba: upana, kina, ubavu, umbali kutoka kiunoni, vifungo viwili, kiraka nyuma ya kila kona. Na bei ya mifuko ikubaliwe peke yake, mbali na bei ya suruali, kwa sababu ni saa nzima ya ziada ya kazi ya mtu. Fundi aliyelipwa bei ya kadeti atashona mifuko ya kadeti, na ana haki.